Sindano na Mkono Wake: Sura Moja ya Historia ya Santuri

Kile kifimbo chembamba kinachoning'inia juu ya sahani ya santuri na kuibeba sindano, Waingereza na Wamarekani hukiita kwa jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri "mkono wa sauti". Jina hilo lina ajabu yake. Ukikichunguza kifimbo chenyewe hutaona njia yoyote ambayo sauti yaweza kupita. Ndani yake mna nyaya nne nyembamba kama unywele, basi. Walakini siku jina lilipotolewa lilikuwa la kweli kabisa. Mkono ule ulikuwa bomba, na sauti ya mwimbaji ilipita humo kama maji yapitavyo katika mfereji. Kazi ya bomba ilikwisha, jina likabaki. Walimu wa lugha hatutashangaa, maana nasi tuna wazee walioiita mashine nzima "kinanda", ingawa haikuwa na uzi hata mmoja wa kupigwa kwa kidole.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi mkono huo na sindano yake vilivyokua pamoja kwa muda wa zaidi ya karne moja, na jinsi ilivyodhihirika polepole kwamba haviwezi kuchaguliwa mbalimbali. Nitatumia neno "mkono" kwa kifimbo, na neno "kichwa" kwa kile kijisanduku kidogo kilichofungwa mwishoni mwake, chenye sindano, ambacho mafundi wengi hukiita katriji. Jambo hili laonekana kuwa la mafundi peke yao. Lakini sehemu kubwa ya sauti za kale za Kiswahili zilizopata kuhifadhiwa imechorwa katika mifuo ya sahani, na kila mara sindano ipitapo katika mfuo, ama huisoma sauti hiyo ama huifuta.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Mwaka 1877 Thomas Edison, Mmarekani, alitengeneza chombo cha kwanza kilichoweza kuinasa sauti na kuirudisha. Alitumia mcheduara uliozungushwa kwa mkono, na sindano yake ilikwenda juu na chini, kama mtu apitaye katika vilima na mabonde. Miaka kumi baadaye, 1887, Emile Berliner, mzaliwa wa Hanover, Ujerumani, aliyehamia Marekani, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa namna nyingine. Sahani yake ilikuwa bapa, na sindano ilikwenda kushoto na kulia, kama nyoka atambaaye mchangani. Sahani hizo zilikuwa rahisi kuchapwa kwa wingi kutokana na kalibu moja, na hilo ndilo lililowapa ushindi wafuasi wa Berliner.

Mashine zile za awali zilikuwa na kasoro moja kubwa. Pembe ya kutolea sauti, yaani lile baragumu la bati, ilishikamana moja kwa moja na kisanduku kilichobeba sindano. Maana yake ni kwamba sindano iliposafiri kutoka ukingoni mwa sahani kuelekea katikati, ilibidi iikokote pembe nzima. Mfuo wenye upana mdogo kuliko unene wa uzi wa kushonea ulifanywa mchukuzi wa bati zima! Dawa ilitoka kwa Eldridge Johnson, fundi wa New Jersey aliyekuwa ameitengenezea mashine ya Berliner injini ya kamani. Mwaka 1903 kampuni yake ya Victor ilianza kuuza mashine ambazo pembe imekaa imara juu ya sanduku, na kati ya pembe na sindano pana bomba linalozunguka juu ya egemeo lake. Bomba hilo lilianza jembamba upande wa sindano, likapanuka taratibu kuelekea kwenye pembe. Huo ndio mkono wa kwanza, na kuanzia siku hiyo sindano ilipewa mwenzi anayestahili kuitwa mwenzi, wala si mzigo.

Hata hivyo uzito ulibaki. Kisanduku cha sauti kilichokuwa mwishoni mwa bomba kilikuwa na kiwambo chembamba cha ulanga, na sindano ya chuma ilikitikisa kiwambo hicho kwa nguvu zake mwenyewe, bila msaada wa umeme. Ili kiwambo kitoe sauti ya kusikika chumba kizima, sindano ilihitaji kukandamizwa mfuoni kwa uzito wa zaidi ya gramu 100. Sahani nazo zilifinyangwa kwa shelaki, utomvu utokanao na wadudu wa Bara Hindi, ukachanganywa na unga wa mawe. Unga ule haukutiwa kwa bahati mbaya. Katika mizunguko ya kwanza sahani iliinoa sindano mpaka ncha yake ikalingana na umbo la mfuo. Sindano ya chuma iliumbwa ili ife. Ilipigwa mara moja, ikatupwa, ikatiwa nyingine, ndiyo sababu ziliuzwa katika vikopo vya mamia. Mwenye kubana matumizi na kuirudia sindano ile ile mara kumi alikuwa anailimia sahani yake kwa patasi.

Sauti ya Siti binti Saad ilizaliwa katika dunia ya namna hiyo. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya Kiingereza yenye nembo ya mbwa asikilizaye pembe. Sahani zilizotokana na safari hiyo zikaenea pwani nzima, zikapigwa kwa sindano za chuma na mikono mizito. Upande wa Kongo, kampuni ya Ngoma iliyoanzishwa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilianza mwaka 1948 kutoa nyimbo nyingi katika sahani za shelaki za namna hiyo hiyo. Kwa hiyo nakala ya sahani hizo tunayoipata leo haituletei sauti ya mwimbaji peke yake. Imebeba pia alama za kila sindano iliyopata kupita juu yake.

Wakati huo huo huko Uingereza kulikuwa na watu waliokuwa wakiusumbukia mkono kwa njia ya hesabu. Jarida la The Gramophone, lililoanzishwa mwaka 1923 na mwandishi Compton Mackenzie, lilichapisha mwaka 1924 makala ya Percy Wilson kuhusu mwelekeo wa sindano katika mfuo. Hoja yake yaeleweka bila hesabu. Chombo kinachochora mfuo kiwandani husafiri katika mstari ulionyoka, toka ukingoni hadi katikati. Lakini mkono wa kupigia sahani umefungwa mahali pamoja, na kwa hiyo ncha yake hufuata upinde, kama mlango uzungukao katika bawaba zake. Mstari na upinde haviwezi kulingana kote. Sindano itakaa sawasawa na mfuo mahali pachache tu, na penginepo itakaa upande, ikikwaruza ukuta mmoja kuliko mwingine.

Wilson alionyesha kwamba kosa hilo laweza kupunguzwa sana ukifanya mambo mawili ambayo kwa macho ya mtu asiyejua yaonekana kama makosa ya kiwandani: uupinde mkono karibu na kichwa, tena uurefushe kidogo ili sindano ivuke kitovu cha sahani. Erik Löfgren wa Sweden mwaka 1938, na H. G. Baerwald mwaka 1941, walizikamilisha hesabu hizo, na vipimo vyao vingali vikitumika. Tazama mikono mingi ya kisasa nawe utaona kichwa kimegeuziwa ndani kwa nyuzi zipatazo 20 na zaidi. Ila kila dawa ina uchungu wake. Mkono uliopindwa huvutwa kuelekea katikati ya sahani kwa msuguano wa mfuo, na kwa sababu hiyo ilibidi baadaye kubuniwa vijiuzi na vijiwe vya kuuvuta kwa nje.

Umeme uliingia katika kazi ya kurekodi mwaka 1925, na haukukawia kuingia katika kazi ya kupiga. Sasa sindano haikuhitaji tena kukitikisa kiwambo kwa nguvu zake. Ilitosha itikise kipande kidogo cha chuma mbele ya sumaku, au ibonyeze kipande cha fuwele, umeme hafifu ukazaliwa, na kazi ya kuikuza sauti ikaachiwa mashine nyingine. Hapo ndipo mkono ulipoacha kuwa bomba. Uzito nao ulianza kushuka, ingawa si kwa haraka kama mtu angedhani, kwa kuwa wenye viwanda waliona sahani za shelaki ni ngumu na zitavumilia. Vichwa vya fuwele, vilivyoenea tangu miaka ya 1930, vilikuwa rahisi na vilitoa umeme mwingi. Lakini fuwele yao ilikuwa aina ya chumvi, na chumvi hiyo huharibika katika joto kali na unyevu. Mtu wa Mombasa au Bujumbura hahitaji kuelezwa zaidi. Miaka ya 1950 nafasi yao ilichukuliwa na vichwa vya kauri, visivyojali hali ya hewa.

Mapinduzi makubwa yalitokea Juni 1948. Kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani ya vinili izungukayo mara 33 na theluthi kwa dakika, yenye kucheza zaidi ya dakika 20 kila upande, hali ile ya shelaki ilikuwa ikicheza dakika tatu au nne. Mfuo wake ulikuwa mwembamba sana, na ncha ya sindano ikabidi ipungue: nusukipenyo cha takriban milimita 0.07 kikashuka hadi milimita 0.025, na baadaye, zilipokuja sahani za sauti mbili, hadi 0.018. Vinili haina unga wa mawe. Ni laini na kimya, tena haina ubavu wa kuinoa sindano. Sasa mambo yaligeuka: zamani sindano ilikufa ili sahani iishi, na sasa sindano ya almasi au ya yakuti, ngumu kupita kiasi, ilikutana na sahani laini. Mkono wa gramu 100 ungeipasua. Uzito ukashushwa hadi gramu chache.

Kwa miaka kadhaa watu walikuwa na sahani za aina zote mbili nyumbani, na viwanda vikatengeneza vichwa vyenye sindano mbili, moja nene na moja nyembamba, vya kugeuzwa kwa kijiti cha pembeni. Wasomaji wenye umri watavikumbuka. Na watawakumbuka pia wale waliosahau kukigeuza kijiti.

Kisha ikaja sauti ya pande mbili. Mwingereza Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI, aliandika tangu mwaka 1931 jinsi mfuo mmoja unavyoweza kubeba sauti mbili, moja katika kila ukuta wake. Wazo hilo lililala zaidi ya miaka 25. Kampuni ya Westrex ililionyesha hadharani mwaka 1957, na mwaka uliofuata sahani hizo zikajaa madukani. Kwa sindano, maana yake ilikuwa kwamba sasa yapasa kwenda kushoto na kulia kama sahani ya Berliner, tena juu na chini kama mcheduara wa Edison, yote kwa wakati mmoja. Sindano isiyoweza kunyumbuka kila upande ingeichana sahani. Toka hapo swali la kunyumbuka kwa sindano likawa ndilo swali kuu.

Hapa sina budi kueleza jambo lenyewe kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapokosea hadi leo. Sindano ya kisasa imepachikwa mwishoni mwa kijiti chembamba, na kijiti hicho kimeshikwa na kipande kidogo cha mpira. Mpira huo ni springi. Mkono pamoja na kichwa ni mzigo uliokaa juu ya springi hiyo. Na mzigo wowote uliokaa juu ya springi una mwendo wake wa asili, kama pembea. Mtoto akiwa juu ya pembea, ukimsukuma kwa wakati unaopatana na mwendo wake, kwa kidole kimoja utamrusha juu. Ukimsukuma bila kupatana naye, utachoka bure. Mkono wa santuri nao una mara zake za kupembea kwa sekunde. Mzigo ukiwa mzito na mpira ukiwa laini, mkono hupembea polepole. Mzigo ukiwa mwepesi na mpira ukiwa mgumu, hupembea upesi.

Sasa nani atausukuma? Kuna wasukumaji wawili. Wa kwanza ni sahani yenyewe, ambayo aghalabu haikunyooka kabisa. Mikunjo yake hupita chini ya sindano kwa mwendo wa pole, nusu mara hadi mara sita hivi kwa sekunde, pamoja na mitikiso ya nyayo za watu sakafuni. Wa pili ni muziki, ambao sauti zake nzito kabisa huanza kwenye mitikisiko 20 kwa sekunde. Basi busara yataka mwendo wa asili wa mkono uwe katikati ya wawili hao, mahali pasipokuwa na msukumaji: kati ya 8 na 12 kwa sekunde, na hasa karibu na 10. Ukishuka hadi 5, kila mkunjo wa sahani utaurusha mkono. Ukipanda hadi 18 au 20, ngoma na besi ndizo zitakazoutikisa.

Hesabu yake si ngumu. Chukua uzito ambao sindano huuhisi mkono unaposogea, ujumlishe na uzito wa kichwa na skrubu zake, kwa gramu. Zidisha kwa kipimo cha kunyumbuka kilichoandikwa na kiwanda. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha ugawe 159 kwa kipeuo hicho. Mathalani, kichwa laini cha gramu 6.5 chenye kunyumbuka 35, kikitiwa katika mkono mwepesi wa gramu 5, hupembea karibu mara 8 kwa sekunde, jambo linaloweza kuvumilika. Kichwa hicho hicho kikihamishiwa mkono mzito wa gramu 25 hushuka hadi mara 5 hivi, nacho huwa kama mlevi juu ya kila sahani iliyopinda. Geuza sasa. Kichwa kigumu cha gramu 8.5 chenye kunyumbuka 10 kitatulia vizuri katika mkono ule mzito, karibu mara 9. Katika mkono mwepesi kitapanda hadi 14, na nguvu za mpira wake mgumu zitautetemesha mkono usio na uzito wa kuzipinga. Katika vifaa hivyo vinne hakuna kibaya hata kimoja, lakini kati ya ndoa nne ulizoweza kuzifunga, mbili ni mbaya.

Kuna mtego mwingine katika hesabu hiyo. Viwanda vya Ulaya aghalabu hupima kunyumbuka kwa mitikisiko 10 kwa sekunde, na viwanda vingi vya Japani hupima kwa 100. Mpira huo huo mmoja huonekana mgumu zaidi ukipimwa kwa njia ya Kijapani. Ni mfano wa wafanyabiashara wawili wenye pishi zisizolingana: mtu asomaye namba bila kuuliza imepimwa vipi atanunua asichokitaka.

Baada ya hayo, historia ya miaka ya 1950 hadi 1980 inasomeka wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Ortofon ya Denmark ilitoa kichwa kiitwacho SPU, kizito, kikiwa na kishikio chake kinafika takriban gramu 30, na mpira wake ni mgumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Denon ya Japani ilishirikiana na shirika la utangazaji la nchi hiyo, NHK, kutengeneza kichwa cha DL-103 kwa ajili ya vituo vya redio. Hicho nacho ni kigumu, hukandamizwa kwa gramu 2.5, na kimeundwa kwa ajili ya mikono mizito ya studio. Redio haikutaka anasa. Ilitaka kitu ambacho mtangazaji ataweza kukitua juu ya sahani kwa haraka, mara mia kwa siku, kisivunjike.

Huko Steyning, kusini mwa Uingereza, Alastair Robertson-Aikman alikuwa na kiwanda kidogo kilichoanza kwa kutengeneza vipuri vya mashine za mfano. Mwaka 1959 alijitengenezea mkono kwa matumizi yake mwenyewe, rafiki zake wakautamani, na kiwanda kikabadili kazi. Mikono yake ya SME, wa inchi 9 na wa inchi 12, ilipumzika juu ya makali kama ya kisu badala ya gololi. Kichwa pamoja na kishikio chake kiliweza kuchomolewa na kutiwa kingine kwa kuzungusha pete moja. Kiungo cha namna hiyo kilienea hata Japani. Nacho, kwa maoni yangu, ndicho kilichowafanya watu wadhani kwamba kichwa chochote chaweza kukaa katika mkono wowote. Skrubu mbili zenye umbali wa nusu inchi, pete moja, na mambo yamekwisha! Kuingia kumeonekana kuwa ndiyo kufaa.

Marekani walishika njia nyingine. Kampuni ya Shure ilitoa kichwa cha V15 mwaka 1964, na tangu hapo ikahubiri uwezo wa sindano kuufuata mfuo hata ukiwa na misukosuko mikubwa. Ili kuupata uwezo huo, mpira ulilainishwa na uzito ukashushwa. Toleo la tatu, la mwaka 1973, liliweza kukandamizwa kwa gramu 0.75 hadi 1.25 tu. Tangu gramu 100 za siku za Siti hadi gramu 1 ni safari kubwa, na mtu hawezi kuwalaumu waliodhani kwamba mwisho wa safari hiyo ni sifuri. Miaka ya 1970 mashindano ya wepesi yalipamba moto. SME yenyewe ilitoa mkono ambao uzito wake wa kuhisiwa ulikuwa kama gramu 5, na vichwa laini vikazidi kulainishwa. Wakosoaji wengi wa wakati huo waliandika kama kwamba vichwa vigumu ni masalio ya ujinga.

Mimi nadhani hilo lilikuwa kosa la kuchukua sifa moja na kuiita wema wote. Wepesi ulikuwa dawa ya ugonjwa halisi, ule wa sindano kuila sahani. Ugonjwa huo ulipokwisha kupona, dawa iliendelea kunywewa. Kukandamiza kwa gramu 2.5 kwa ncha iliyosuguliwa vizuri hakuiharibu vinili kama walivyohofia. Kinyume chake, sindano iliyokandamizwa kidogo mno huruka na kugonga kuta za mfuo, na kila pigo huacha kovu. Mwishoni mwa muongo huo vichwa vigumu vya Japani vilirudi Ulaya na Marekani kwa heshima, mikono yenye uzito wa kati ikaonekana tena kuwa na akili, na DL-103 ya redio imeendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 50, ikaishi kuliko vichwa vingi vilivyoisimanga. Mkono wa mashine ya Technics SL-1200, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1972 na la pili la mwaka 1979, una gramu 12, si mwepesi si mzito. Sababu moja ya mashine hiyo kudumu katika kumbi za muziki duniani kote ni kwamba mkono wake haugombani na vichwa vingi.

Na wale wasiokuwa na hesabu wala kitabu cha kiwanda? Walitia sarafu. Katika nyumba na mabaa ya nchi nyingi, mkono uliporukaruka, mtu aliweka sarafu juu ya kichwa, kuruka kukakoma, na starehe ikaendelea. Msomaji atakuwa sasa ameng'amua lililotendeka. Sarafu iliongeza uzito wa kukandamiza, na hapo hapo ikaongeza mzigo juu ya springi. Mkono wenye kasoro ya kukandamizwa kidogo ulipona kwa gharama ya sahani. Mkono wenye kasoro ya kuwa mzito mno ulizidi kuugua, ila ugonjwa ulinyamazishwa. Sahani nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina kuta zilizokwanguliwa na vipande hivyo vya fedha.

Sahani za leza zilipoingia sokoni mwaka 1982, ilidhaniwa mjadala huu umezikwa. Haukuzikwa. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2020 mapato ya sahani za vinili nchini Marekani yaliyapita mapato ya sahani za leza kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980, ingawa Shure ilikuwa imekwisha kuacha kutengeneza vichwa mwaka 2018. Lakini hizo ni habari za soko. Linalotuhusu zaidi sisi ni zile sahani za shelaki zilizobaki.

Walimu kadhaa katika nchi zetu jirani wanazo, za urithi au za kununua, na siku hizi ni rahisi mtu kuzinakili katika kompyuta ili wanafunzi wasikie matamshi na nyimbo za wazee wetu. Ni kazi njema, na hutendwa mara nyingi kwa sindano isiyo yake. Sindano ya vinili ikitiwa katika mfuo wa shelaki huwa nyembamba mno. Hufika chini kabisa na kuelea katika vumbi na takataka za miaka 90, na yule asikilizaye husema, "Kumbe zamani walirekodi vibaya." Siyo kweli. Sindano haikuzigusa kuta zenye sauti. Kinachohitajika ni ncha nene ya milimita 0.065 au 0.07, kichwa kisicho laini mno, na mkono wenye uzito wa kutosha, ukandamizwe gramu 3 au zaidi. Na kwa kuwa sahani hizo zina sauti moja tu, yenye kwenda kushoto na kulia, nyaya za pande mbili za kichwa cha kisasa zaweza kuunganishwa pamoja ili kelele nyingi za kwenda juu na chini zijifute.

Wahifadhi wa nyaraka za sauti huendelea hatua moja zaidi. Huwa na kikasha cha ncha za unene mbalimbali, wakaijaribu sahani kwa moja baada ya nyingine: 0.06, kisha 0.065, kisha 0.07, na zaidi ya hapo. Hawatafuti ncha iliyopangwa na kiwanda cha mwaka 1928. Wanatafuta ile itakayokaa juu kidogo au chini kidogo ya mahali palipolimwa na sindano za chuma, katika ule ukanda mwembamba wa ukuta ambao haujapata kuguswa tangu sahani ilipotoka kiwandani.